Kovu la Nyuma ya Sikio Nalo ni Kovu

Kila panapozungumzwa upasuaji wa kurudisha nyuma masikio yaliyotokeza, hofu ya makovu huzimwa kwa kauli moja: kovu litakaa nyuma ya sikio, nani ataliona? Kauli hiyo inasemwa katika kliniki za urembo, imo katika matangazo ya wanaopeleka watu kutibiwa Uturuki na India, na siku hizi hata mashangazi na marafiki wanaitoa kama ushauri. Anayeuliza mara ya pili huonekana mwoga, na anayeuliza mara ya tatu huambiwa bado hajawa tayari. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Uongo haina, lakini inasema nusu ya kweli, na kwa mtu mwenye ngozi ya Kiafrika nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Tuwape kwanza haki yao wanaoisema. Masikio yaliyotokeza hayana ugonjwa. Yanasikia kama mengine. Mara nyingi kinachokosekana ni ule mkunjo wa gegedu ulio karibu na ukingo wa sikio, au lile bakuli la katikati lina kina kupita kiasi, na hivyo sikio likasimama mbali na kichwa. Daktari hupasua upande wa nyuma, karibu na mfereji unaotenganisha sikio na kichwa, huondoa kipande cha ngozi, hulikunja gegedu na kulishona kwa nyuzi za kudumu, au hulikwaruza lilegee, kisha hufunga kidonda. Bandeji hukaa siku kadhaa. Baada ya hapo mgonjwa hulala amejifunga utepe kichwani kwa wiki chache ili mto usije ukalikunja sikio upya. Mambo yakienda vizuri, anayekutazama usoni haoni mshono wowote. Kwa mtoto aliyechoshwa na utani wa darasani hiyo ni faraja kubwa, na mimi sina ugomvi na faraja hiyo.

Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata katika hoja yao, pale wanapotoka kwenye "halionekani" na kuingia kwenye "halina neno" bila hata kupiga hodi.

Tuanze na huko kuonekana kwenyewe. Halionekani na nani? Unayetazamana naye hataliona, na wewe mbele ya kioo hutaliona. Lakini sisi ni watu wa kusukana. Mwanamke anayekaa saa nzima na zaidi kati ya magoti ya msusi, kichwa kikiinamishwa huku na huku, hana siri nyuma ya masikio yake. Mwanamume anayenyoa pembeni humkabidhi kinyozi eneo hilohilo kila anapokalia kiti chake. Na mwanafunzi, ambaye ndiye anayetangulizwa mbele kila upasuaji huu unapotetewa, katika shule nyingi za Tanzania na Kenya hutakiwa kukata nywele ziwe fupi kabisa, awe wa kike au wa kiume. Aliyeketi dawati la nyuma ana mwaka mzima wa kuusoma mshono wake. Ushauri kwamba nywele zitafunika kovu ulitungwa kwa ajili ya nywele zinazoshuka mabegani. Mvaa hijabu ana stara yake, ndiyo, lakini hata yeye akivaa miwani, mkono wa miwani hupita palepale.

Hata hivyo hilo ni dogo. Kovu jembamba lililotulia halimdhuru mtu, hata msusi akilitazama kutwa. Shida kubwa ni kwamba kauli ya "nyuma ya sikio" inachukulia kuwa kovu ni mstari, na kwamba mstari ukishachorwa hubaki ulivyo. Kwa wengi ndivyo. Kwa baadhi yetu kovu ni kitu kinachoendelea kukua baada ya daktari kushona, kulipwa na kusahau.

Keloidi ni kovu lisilojua mpaka wake. Kovu nene la kawaida huvimba ndani ya eneo la kidonda, na kwa miezi au miaka hupungua lenyewe mara nyingi. Keloidi huvuka kingo za kidonda na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuguswa. Huwasha, wakati mwingine huuma, na kwa kawaida hairudi nyuma yenyewe. Ina mahali inapopapenda: kifuani, mabegani, mgongoni juu, kwenye taya na sikioni. Ina mahali inapopakwepa, kama kope na viganja. Kwa hiyo anayekwenda kupasuliwa sikio amechagua mojawapo ya viwanja vyake vya nyumbani, na kuhamisha mshono kutoka mbele kwenda nyuma hakuutoi uwanjani. Nani kati yetu hajamwona dada mwenye uvimbe mgumu unaong'aa kwenye ndewe, uliotokana na tundu la kutogea hereni tu? Uvimbe huo mara nyingi hukua upande wa nyuma wa ndewe, upande uleule tunaoambiwa ni wa maficho. Ikiwa tundu la sindano linatosha kuamsha yote hayo, mshono wa sentimita kadhaa, wenye gegedu linalovutwa na nyuzi kwa ndani, unastahili zaidi ya sentensi moja ya kubembeleza. Na keloidi ya nyuma ya sikio ikikua vya kutosha, inaweza kulisukuma sikio mbele, likarudi kusimama kule lilikotolewa kwa gharama.

Basi ujasiri huu umetoka wapi? Umetoka vitabuni, na vitabu vina kwao. Upasuaji wa kwanza unaotambulika wa kurudisha nyuma masikio kwa ajili ya sura tu ulifanywa New York na Edward Talbott Ely, aliyeuandika mwaka 1881. Mgonjwa wake alikuwa mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akidhihakiwa na wenzake. Mwaka 1910 William Luckett, naye wa New York, alieleza kwamba kasoro iko katika mkunjo wa gegedu, na kwamba kuondoa ngozi peke yake hakutoshi. Mwaka 1963 Jack Mustardé wa Scotland alichapisha mbinu ya kuutengeneza mkunjo huo kwa nyuzi, na mbinu hiyo inatumika mpaka leo duniani kote. Ni kazi za watu wenye akili na mikono ya hakika. Lakini wagonjwa waliojaza ripoti hizo, kwa sehemu kubwa sana, walikuwa watu wenye asili ya Ulaya, ambao keloidi kwao ni nadra. Kwa wagonjwa hao, kusema kovu litajificha ilikuwa taarifa kamili. Kauli ikapanda ndege ikaja kwetu, na ile ngozi iliyoifanya iwe kweli ikaachwa huko.

Mustardé mwenyewe hakuachia mbinu yake isafiri peke yake. Uzeeni alikwenda Ghana kusaidia kuanzisha kitengo cha upasuaji rekebishi mjini Accra, akijua kwamba tiba inataka wauguzi, wadi na madaktari watakaokuwepo mgonjwa atakaporudi. Wanaotuuzia kauli ya maficho wamechukua nyuzi zake wakaacha hekima hiyo.

Sasa tutazame ukubwa wa jambo, maana kutisha watu bila vipimo ni kosa lilelile upande wa pili. Takwimu inayorudiwa sana katika vitabu vya ngozi inasema keloidi huwapata kati ya asilimia 4.5 na 16 ya watu wenye asili ya Afrika na Amerika ya Kilatini. Kwetu tuna kipimo cha karibu zaidi: uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta keloidi kwa takribani asilimia 8 ya watu waliochunguzwa. Watafiti walilinganisha watu wenye ualbino na wasio nao, na hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Matokeo hayo yanakata pande zote mbili. Yanamkata anayesema kovu halina neno, kwa sababu mtu mmoja katika kila kumi na wawili hivi ni wengi mno kuachwa nje ya mazungumzo. Lakini yanamkata pia yule mwingine, mzee wa mtaani anayeapa kwamba ngozi nyeusi haipatani na kisu. Kama weusi wenyewe ndio ungekuwa chanzo, wenye ualbino wangesalimika. Hawakusalimika. Kinachoonekana zaidi ni damu ya ukoo: keloidi hufuata familia. Mwenye mama, kaka au binti mwenye keloidi ana sababu ya kusita. Asiye na mtu wa namna hiyo, na ambaye vidonda vyake vyote vimepona vizuri, ana sababu ya kutulia kiasi, awe mweusi namna gani. Kwa hiyo swali la kovu lina jibu tofauti kwa kila anayeketi mbele ya daktari, na kauli moja inayotolewa kwa wote haiwezi kuwa jibu la yeyote.

Watetezi wa kauli hiyo hukimbilia picha. Tazama, wanasema, huyu kabla na huyu baada. Kovu liko wapi? Zitazame kweli. Nyingi zimepigwa kwa mbele, jambo ambalo kwa mshono wa nyuma ni sawa na kumtafuta mwizi chumba cha pili. Na nyingi zimepigwa wiki chache baada ya upasuaji. Kovu huchukua mwaka mzima, pengine mwaka na nusu, kukomaa. Keloidi mara nyingi huanza kujionyesha miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga, na yaweza kuchelewa hata kupita mwaka. Picha ya wiki ya sita haijaona kitu bado. Anayeitumia kuthibitisha kwamba hakuna kovu anasoma matokeo ya mtihani ambao haujafanywa.

Hapo ndipo safari za tiba zinaponitia shaka zaidi. Mtu anapanda ndege Jumatatu, anapasuliwa Jumatano, anarudi nyumbani wiki inayofuata na bandeji yake. Matatizo ya mapema, kama damu kuganda chini ya ngozi au gegedu kushambuliwa na vijidudu, hujitokeza siku za mwanzo. Maumivu makali ya sikio moja ni dalili ya kukimbilia kwa daktari saa hiyohiyo. Hayo huenda aliyempasua akawahi kuyaona. Kovu linapoanza kuwasha na kupanda mwezi wa tano, mgonjwa yuko Mbeya au Kisumu, aliyemshona yuko ng'ambo, na ahadi ya maficho haina mwenyewe.

Jibu lao la mwisho ni kwamba keloidi ikitokea itakatwa. Hili ndilo jibu la hatari kuliko yote, kwa sababu linasikika kama akili ya kawaida. Keloidi ikikatwa tu, bila tiba nyingine, hurudi kwa kiwango kinachotajwa kuwa kati ya asilimia 45 na 100, na mara nyingine hurudi ikiwa kubwa kuliko ile ya kwanza, maana kidonda kipya ni mwaliko mpya. Ndiyo maana daktari makini huanza na sindano za dawa ya steroidi ndani ya kovu, zinazorudiwa kila baada ya wiki chache kwa miezi, na ambazo zenyewe zaweza kuifanya ngozi iwe nyembamba au ipauke pale zinapochomwa. Kwenye ndewe kuna vibanio maalumu vya kuligandamiza kovu, vinavyotaka kuvaliwa saa nyingi kwa siku na kwa muda mrefu. Keloidi sugu hukatwa, kisha mionzi hufuata ndani ya siku moja au mbili. Mashine za mionzi katika ukanda wetu ziko katika hospitali chache, na foleni yake ni ya wagonjwa wa saratani. Neno "itakatwa" linabeba mzigo huu wote, na anayelitamka hauweki mezani.

Tazama pia jinsi kauli hii inavyoshindwa mara tu upasuaji unapohamia sehemu nyingine ya sikio lilelile. Kushona ndewe ni kazi kongwe kuliko hii ya kurudisha masikio nyuma. Maandishi ya Sushruta wa India ya kale yanaeleza njia nyingi za kuziunga ndewe zilizochanika au kupanuka. Kwetu kazi hiyo ina wateja wake. Wapo Wamaasai, Wasamburu na Wakalenjin waliotanuliwa ndewe utotoni kwa mila na ambao leo, kwa hiari yao, wanataka zifungwe. Wapo wanawake ambao hereni nzito zimewapasulia tundu likawa mfereji hadi chini. Hapa hapana nyuma ya kujificha. Mstari wa mshono unapita kwenye ndewe yenyewe, mbele za watu. Na mazungumzo ya ndewe huwa ya kweli zaidi: mgonjwa huambiwa kovu litakuwa wapi, huambiwa asubiri miezi kabla ya kutoga tena, na kwamba tundu jipya lisipite juu ya mshono. Mahali ambapo kovu haliwezi kufichwa, ukweli haufichwi. Hiyo inatuonyesha kwamba madaktari wanajua kusema. Nyuma ya sikio wanaruhusiwa tu kunyamaza.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa ninawatia watu hofu, na kwamba mtoto anayeitwa majina kila siku ana jeraha ambalo halionekani na ambalo ni baya kuliko mstari wa nyuma ya sikio. Sehemu ya pili nakubaliana nayo yote. Sikubaliani na wanaosema mtoto avumilie kwa kuwa ndivyo Mungu alivyomuumba; kauli hiyo kwa kawaida hutolewa na wenye masikio yasiyotaniwa. Lakini kama tunamjali mtoto huyo, umakini wetu uishie wapi? Akipata keloidi, atakuwa na sababu mpya ya kutaniwa, tena inayowasha usiku. Kumpenda ni kupima yote mawili kabla ya kukata.

Na kupima huko kuna mambo ya kweli ya kuzungumza ambayo kauli ya maficho imeyafukia. Kuna umri. Gegedu la sikio hukaribia ukubwa wake wa utu uzima mtoto anapofika miaka mitano au sita, ndiyo maana upasuaji huanza kufikiriwa hapo. Keloidi nayo hupenda zaidi miaka ya kati ya 10 na 30. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliohusu watu waliotogwa masikio, uliona kwamba waliotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata keloidi kwa wingi kuliko waliotogwa wadogo. Kutoga si sawa na kupasua gegedu, na utafiti huo ulikuwa mdogo. Bado unatoa swali ambalo mzazi anastahili kulisikia: tungoje mtoto akue aamue mwenyewe, huku tukijua kwamba kungoja nako kunaweza kuwa na bei? Bibi zetu wa pwani waliotoga watoto wa kike wangali wachanga hawakuwa na utafiti, ila hawakuwa wajinga.

Kuna pia njia isiyo na kovu kabisa, nayo haitajwi. Gegedu la mtoto aliyezaliwa karibuni ni laini, kwa msaada wa homoni za mama zilizobaki mwilini mwake. Madaktari wa Japani walionyesha miaka ya 1980 kwamba sikio lililokaa vibaya linaweza kunyooshwa kwa vigango laini vinavyofungwa kwa wiki kadhaa, mradi ianzwe mapema, katika siku au wiki za mwanzo za maisha. Baada ya hapo gegedu hukaza na mlango hufungwa. Ni wakunga wangapi wameambiwa? Tungekuwa tunalichukulia kovu kuwa jambo zito, kila wadi ya wazazi ingelijua hili. Tumeambiwa kovu ni dogo, basi tumekaa kungoja kisu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kinachofichwa hapa ni hatari, na anayeumbuka ni mgonjwa. Ridhaa aliyoitia saini akiwa ameambiwa kwamba hakuna atakayeona kitu ni ridhaa ya upasuaji wa mtu mwingine, mwenye ngozi nyingine na ukoo mwingine.

Dawa yake si ghali. Kabla ya kuzungumzia nyuzi, bei na tarehe, daktari amwambie mgonjwa apandishe mkono wa shati aonyeshe alama ya chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa utotoni. Karibu kila mmoja wetu anayo, na ni ushahidi wa bure wa namna ngozi yake inavyopona. Atazame chale kama zipo, matundu ya hereni, na kovu la ajali ya baiskeli gotini. Asidanganywe na kovu la tohara, maana sehemu hiyo keloidi huikwepa. Aulize makovu ya mama na baba na ndugu wa tumbo moja. Aseme nani atakayelitazama kovu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na likianza kupanda, sindano itapatikana wapi na kwa fedha ya nani. Haya yote yanachukua dakika kumi.

Mgonjwa akishayasikia na bado akataka masikio yake yarudishwe nyuma, apasuliwe, na wengi wao watapona vizuri na kufurahi. Akisita, aachwe asite. Na kliniki ambayo dakika hizo kumi inaziona nyingi, ikatosheka na kusema kwamba kovu litakuwa nyuma ya sikio, haijamchunguza mtu; imemhesabu mteja. Mgonjwa aondoke na masikio yake kama yalivyo, atafute daktari anayeuliza.